Kiapo cha Agosti Mosi

Leanne Wasko aliogopa vitu viwili duniani: shule ya Mtaa wa Soko, na mama mkwe wake Bernadine. Shule ndiyo iliyotangulia. Alipokuwa darasa la pili, mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake asome ukurasa mmoja kwa sauti, akamwambia asikae mpaka aumalize. Alisimama mpaka kengele ya chakula ikalia. Tangu siku hiyo wenzake wakamwita Konokono, na jina likamfuata hadi siku ya kupokea cheti cha mwisho, cheti ambacho walimu walimpa zaidi kwa huruma kuliko kwa kufaulu. Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, anapanga mikebe kwenye rafu za duka kubwa, na kila akipewa karatasi ndefu husema amesahau miwani nyumbani. Miwani hana, wala hajawahi kuwa nayo.

Kwa hiyo alipomzaa Josie aliapa moyoni kwamba mtoto huyu hatakanyaga shule ile. Angefundishwa nyumbani, kama zilivyofanya familia kadhaa za kanisani kwao. Pennsylvania inaruhusu, mradi mzazi apeleke taarifa kwa mkuu wa elimu wa wilaya kabla ya kuanza, na taarifa yenyewe ni kiapo chenye muhuri, siyo barua ya maneno mawili matatu. Mji wao ulikuwa mmoja wa ile miji ya milimani ambako makaa ya mawe yameisha na watu wamebaki, na mambo ya karatasi kwa watu wa pale yalikuwa mambo ya kina Bernadine.

Bernadine alikaa miaka ishirini na sita kwenye dirisha la ofisi ya elimu ya wilaya. Ndiye aliyepokea viapo hivyo, akavigonga muhuri wa tarehe, akavipanga kwenye makabati. Alistaafu na saa ya ukutani, na tabia ya kupiga meza kwa kidole anaposema. Jambo moja watu wote walimkubalia: Bernadine hasemi uongo. Kulikuwa na watu waliotamani angesema hata mmoja, maana ukweli wake ulikuwa na meno.

Na chini ya nyumba ya Leanne, kwenye kile chumba cha chini chenye tanuri la kupasha nyumba joto, alikaa kaka yake, Emmett Hoyt.

Emmett aliumia mgongo kwenye machimbo ya mawe, akapewa vidonge vya maumivu, akavipenda, kisha akaanza kuviuza ili apate vya kumeza. Siku moja akamuuzia askari aliyevaa kiraia. Alitiwa hatiani mwezi Machi, miaka minne iliyopita na ushee, akakaa ndani miaka mitatu, akatolewa kwa parole, amalizie kifungo nje chini ya uangalizi. Masharti yalikuwa aishi kwenye anwani ya dada yake na asihame hata kwa siku moja bila idhini ya afisa wake, Bwana Strohl, ambaye alikuja mara mbili kwa mwezi na kuchungulia hata ndani ya jokofu. Emmett hakumeza tena kitu kikali kuliko kahawa. Asubuhi alifanya kazi ya kubadilisha matairi. Mchana, Leanne akiwa kazini, yeye ndiye aliyekaa na Josie.

Hapo ndipo mtoto alipojifunza kusoma. Hakuna aliyempanga Emmett kuwa mwalimu. Alianza na boksi la nafaka ya asubuhi, wakaenda kwenye pakiti za mbegu, wakafika kwenye maandishi ya ubavuni mwa matairi na kile kijitabu cha sheria za uwindaji ambacho serikali hugawa bure. Josie alikuwa na miaka mitano, alikuwa atimize sita Novemba, na alisoma kila kitu kilichomjia mbele, kwa sauti, popote alipo: bango la mazishi, onyo la sumu ya panya, maneno ya chooni kwenye kituo cha mafuta. Leanne alimsikiliza akitandika kitanda, na mara nyingine ilimbidi akae chini kwanza, kwa furaha na kwa wivu. Alimpenda kaka yake kwa ajili ya jambo hilo. Kumwambia hakumwambia.

Mwishoni mwa Julai, siku ya Alhamisi, Bernadine alikuja na karatasi. Aliiweka juu ya meza ya jikoni, akailaza vizuri kwa viganja, akasema ndicho kiapo cha kufundisha nyumbani, amekichukua mwenyewe ofisini kwa wenzake wa zamani. Leanne alishukuru. Akasema amesahau miwani. Bernadine alimtazama kidogo, kisha akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayemwekea mgonjwa dawa kijikoni. Jina la mtoto, umri, anwani. Masomo yatakayofundishwa. Malengo ya mafundisho, yaambatanishwe. Chanjo, ziambatanishwe. Alipofika sehemu moja karibu na mwisho alisimama na kuigonga kwa kidole.

Sehemu hiyo ilimtaka mwenye kuapa aape kwamba yeye, na watu wazima wote wanaoishi ndani ya nyumba ile, hawajatiwa hatiani kwa makosa yaliyotajwa na sheria ndani ya miaka mitano iliyopita. Dawa za kulevya zilikuwamo.

 Leanne aliuliza kama kuna namna ya kuiruka sehemu hiyo. Bernadine alisema namna ipo, inaitwa kuapa uongo, na ina kifungo chake. Leanne akauliza karatasi inatakiwa lini.

"Agosti mosi," Bernadine alisema. "Kila mwaka ni Agosti mosi. Nimekaa dirishani pale miaka ishirini na sita, sijaona tarehe ikibadilika."

"Ni Jumanne hiyo, Mama."

"Najua kuhesabu siku."

Leanne akauliza mtu akichelewa huwaje. Bernadine alimweleza, na kila alichosema kilikuwa kweli. Mtoto anayetakiwa shule asipoonekana huhesabiwa mtoro. Utoro ukizidi, mzazi huitwa mbele ya hakimu. Wakati mwingine watu wa ustawi wa watoto huja nyumbani kuangalia nani analala wapi. Alilisema hilo la mwisho huku akitazama mlango wa ngazi ya kushukia chini.

"Mimi simfukuzi mtu," alisema akijifunga mkoba. "Nyumba siyo yangu. Karatasi ndiyo inayosema, mie nimekusomea tu."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na Bernadine alikuwa ndani ya nguo za Leanne tangu siku ya harusi. Mwanawe Troy, mume wa Leanne, alipoulizwa jioni ile anaonaje, alisema mnajua wenyewe, akaenda kukata majani. Troy aliishi maisha yake yote baina ya wanawake wawili kwa kukata majani.

Kesho yake, Ijumaa mchana, Leanne alishuka chini. Josie alikuwa usingizini juu. Emmett alikuwa amekaa kwenye kitanda chake cha kukunja, anachonga penseli kwa kisu cha mezani, maana kisu kingine hakuruhusiwa kuwa nacho. Leanne alimweleza akiwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, hakukanyaga sakafu. Alisema lazima aondoke kabla ya Jumanne.

Emmett hakubisha kwanza. Aliuliza kama inaweza kuwa Jumatano. Bwana Strohl alikuwa likizo na angerudi Jumatano. Emmett alipanda kupiga simu ofisini kwao pale pale, na Leanne alimsikia akijibiwa na afisa wa zamu kwamba asihame popote mpaka afisa wake arudi na kuikagua nyumba mpya. Alirudi chini, akakaa tena.

"Nikihama bila Strohl kujua, Lea, narudi ndani. Sisemi labda. Narudi."

"Jumatano ni tarehe mbili. Karatasi inataka mosi."

"Siku moja hiyo."

"Siku moja ndiyo itakayomtoa Josie hapa apelekwe kule. Wewe hukusimamishwa mbele ya watu. Wewe ulikuwa unasoma kama redio."

Emmett aliiweka penseli chini. Aliuliza karatasi yenyewe iko wapi. Leanne alisema iko juu, kwenye droo.

"Hebu ilete niisome."

"Imeshasomwa."

"Imesomwa na nani? Umeisoma mwenyewe?"

Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliomwasha Leanne. Angekuwa amemtukana ingekuwa nafuu. Ndugu huyu ndiye peke yake aliyejua habari ya miwani tangu utotoni. Ndiye aliyekuwa akimsomea kazi za shule chini ya meza, asubuhi, kabla basi halijafika. Hakuwahi kumtajia mtu. Sasa Leanne alijiona amesimama tena mbele ya darasa, na mdomo wake ukamtangulia.

"Mimi nisiyejua kusoma nina nyumba," alisema. "Nina mume, nina mtoto. Wewe msomaji una nini? Mama alikufa akikungoja utoke. Mimi ndiye niliyemwosha, mimi ndiye niliyemzika, wewe uko ndani unacheza karata. Kila anayekupenda unamla, Emmett. Josie hutamla."

Emmett alisimama, akakikunja kitanda chake. Kisha akauliza kama anaweza kusubiri mtoto aamke amuage. Leanne alimkatalia. Alisema atamwambia mwenyewe.

Vitu vyake viliingia kwenye mifuko miwili myeusi ya taka, na bado kulikuwa na nafasi. Alivipakia kwenye gari lake dogo lililokuwa na kutu mlangoni, akawasha, akaondoka bila kupiga honi. Leanne alibaki barazani amekunja mikono. Alijiambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki, ingawa ndoo ilikuwa bado mkononi mwake na gari lilikuwa halijafika kona.

Josie alipoamka alishuka ngazi na kijitabu cha uwindaji kwapani. Alipanda tena, akauliza mjomba yuko wapi. Leanne alikuwa ameshafikiri amwambieje. Hakutaka mtoto akae dirishani akingoja gari, na aliona dawa ya kungoja ni kukata tamaa mapema.

"Mjomba amechoka," alimwambia. "Amechoka kukufundisha. Unauliza maswali mengi mno, mwanangu, mtu mzima anachoka."

Josie alifikiri kidogo. Akauliza ni maswali mangapi. Kisha akagundua kwamba hilo nalo ni swali, akafunga mdomo. Siku ile yote hakuuliza kitu kingine, wala hakusoma kwa sauti hata maandishi ya boksi la maziwa, siku ile wala zilizofuata.

Jumatatu Leanne alikwenda kuapa. Katika mji wao mtu akitaka muhuri wa kiapo huenda kwenye duka la namba za magari, pale pale wanapohamisha umiliki wa pikipiki na kusajili matrela, kwa sababu mwenye duka ndiye mwenye muhuri. Alipanga foleni nyuma ya jamaa mwenye magurudumu mawili ya trekta. Bernadine alikuwa kando yake. Mwenye duka alimuuliza kama ameisoma hati na anaapa kwamba yaliyomo ni kweli. Leanne alisema ndiyo kwa yote mawili. Aliinua mkono, akatia sahihi, muhuri ukagongwa. Chumba cha chini kilikuwa kitupu, kwa hiyo kiapo kilikuwa safi. Huo ndio uliokuwa uzuri wake.

Waliipeleka posta kwa rejista, na kile kikadi cha kijani cha kuthibitisha kwamba mzigo umepokelewa kikarudi siku chache baadaye kimetiwa sahihi. Leanne alikibandika kwenye mlango wa jokofu kwa sumaku. Alikiona kila alipochukua maziwa. Alikuwa amemwokoa mtoto wake, na kila alipokitazama alijikumbusha hivyo.

Bwana Strohl alirudi Jumatano. Simu ya kwanza aliyopokea ilikuwa ya Emmett mwenyewe, akimweleza kwamba amehama tangu Ijumaa na analala ndani ya gari kwenye uwanja wa kuegesha wa msitu wa wawindaji, kwa kuwa ni bure na kuna bomba la maji. Hakujificha. Strohl alikuja kwanza nyumbani kwa Leanne, akashuka chini, akaangalia kitanda kilichokunjwa, akapanda akiandika. Alikuwa mtu mzito asiye na haraka.

"Angengoja hadi leo ningemtafutia mahali," alisema. "Ingechukua wiki moja tu, mama. Kuna nyumba ya kanisa kule chini inapokea watu kama yeye. Sasa mimi sina la kufanya. Mtu amekaa siku tano bila anwani."

Leanne aliuliza kama hawezi kuandika kwamba amehama leo. Strohl alimwambia yeye haandiki kitu ambacho hakikutokea. Inaelekea mji ule ulijaa watu wakweli. Ijumaa walimchukua Emmett kutoka msituni. Miezi sita, na akitoka aanze upya kutafuta nani wa kumpokea.

Leanne alilia chooni akiwa amefungulia maji. Kisha akanawa uso akajiambia kwamba jambo lilikuwa baya lakini la lazima, na kwamba mzazi hana hiari. Ukimwona mtu anajirudia maneno hayo asubuhi na jioni, ujue hayajamwingia.

Barua ya ofisi ya elimu ilifika wiki ya mwisho ya Agosti, Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana. Bernadine alikuwapo jikoni. Alikuja kutengeneza pierogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, na mikono yake ilikuwa nyeupe kwa unga hadi viwiko. Bahasha ilikuwa nene. Leanne aliigeuza, akaona nembo ya wilaya, akafurahi, maana alidhani ni kibali. Alitaka mtu amsomee lakini siku ile hakutaka awe Bernadine. Akamwita Josie.

"Njoo umsomee mama barua. Fanya kama somo la kwanza la shule yetu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaka mtoto asome tangu mjomba aondoke. Josie alipanda kwenye kiti, akaikunjua karatasi, akaweka kidole chini ya neno la kwanza kama alivyofundishwa. Bernadine aliendelea kukata unga kwa mdomo wa glasi. Hakuinua kichwa.

"Mpendwa Bibi Wasko," Josie alisoma. "Tumepokea hati yako ya kiapo. Mtoto wako ana miaka mitano, na... haja... hajaandikishwa shule yoyote." Alivuta pumzi. "Sheria ya elimu ya la-zi-ma inaanza miaka sita. Kwa hiyo mwaka huu huhitajiki kuleta taarifa wala kiapo. Tunakurudishia hati yako. Tafadhali ilete mwaka ujao kabla ya Agosti mosi."

Alimtazama mama yake kuona kama amesoma vizuri. Leanne alimwambia asome tena. Josie alisoma tena, safari hii haraka zaidi, hakukwama popote, na aliposema huhitajiki alilitamka neno hilo kwa fahari, kwa kuwa lilikuwa refu na alilishinda.

Leanne alimtuma nje akacheze. Alingoja mlango wa wavu ujifunge. Kisha akamgeukia mama mkwe wake na kumuuliza kama alijua.

Bernadine alibandika ncha za pierogi moja kwa uma, akaiweka kwenye trei, akachukua nyingine.

"Nimekaa pale miaka ishirini na sita," alisema. "Kila mwaka zilikuja mbili tatu za hivyo. Akina mama wenye haraka. Nilikuwa nazirudisha mwenyewe."

"Ulijua na ukaniacha nikaape."

"Ulichoniuliza ni tarehe, nikakujibu tarehe. Habari za umri hukuniuliza. Zimeandikwa nyuma ya ile ile karatasi, aya ya kwanza, herufi kubwa. Mtu mwenye macho anaziona."

 Bernadine alikuwa na mengine, na aliyasema bila kupandisha sauti. Alisema hakutaka mjukuu wake afundishwe herufi na muuza vidonge. Alisema tena kwamba mambo siyo mabaya kama yanavyoonekana: Machi ijayo hukumu ya Emmett inatimiza miaka mitano, kwa hiyo Agosti ijayo, kiapo kitakapotakiwa kweli, hakitamkataza mtu yeyote kulala chini pale. Wangeweza kumkaribisha. Ni hesabu tu.

Leanne ndiyo kwanza akaielewa hesabu yenyewe. Kama angemwacha kaka yake achonge penseli zake, mwaka mmoja ungepita, mtoto angetimiza miaka sita, hukumu ingetimiza mitano, na kiapo kingekuwa safi bila kumfukuza mtu. Kilichohitajika ni kukaa kimya. Au kugeuza karatasi upande wa pili na kuwa na mtu wa kuisoma, na mtu huyo alikuwapo, ngazi kumi na mbili chini ya miguu yake, akasema hebu ilete niisome.

"Toka nyumbani kwangu," Leanne alisema.

Bernadine alinawa mikono. Aliifuta kidole kimoja kimoja kwa kitambaa cha vyombo, akakitundika mahali pake. Akachukua mkoba.

"Natoka," alisema. "Lakini kuna fomu za bima ya mtoto zinakuja Septemba, na Troy hajui kushoto wala kulia. Utazipeleka wapi, Leanne? Utampa mtoto akusomee kila kitu? Atakujua mapema."

Leanne alisimama mbele ya meza. Maji ya pierogi yalikuwa yameanza kuchemka. Niseme nini juu yake? Alikuwa na haki ya kumrushia sufuria. Alikuwa na haki ya kumfungia mlango mpaka siku ya mazishi. Alivuta kiti, akakaa, akainamisha kichwa, na Bernadine akauweka mkoba chini na kuanza kutumbukiza pierogi kwenye maji, moja moja, zisishikane.

Hivyo wakabaki wote wawili, kila mmoja akimjua mwenzake. Troy alikula sahani mbili na kusema zimeiva vizuri.

Septemba Leanne alijaribu kwenda kumwona kaka yake. Gereza lilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu. Alifika amevaa nguo ya kanisani, akasimama dirishani, akatoa kitambulisho. Yule aliyekuwa dirishani alipitisha kidole kwenye orodha ya wageni ambao mfungwa mwenyewe amewaruhusu, akasema jina lake halimo. Leanne alimwomba aangalie tena. Akaangalia tena. Orodha ilikuwa na majina mawili: mchungaji mmoja, na Josephine Wasko, yaani Josie, mtoto, ambaye hawezi kuingia bila mtu mzima aliye kwenye orodha. Alimwambia kwa adabu asogee pembeni, kuna watu nyuma.

Aliandika barua. Kwa maana halisi aliiandika, mwenyewe, kwa mkono wake, siku nne, na ilikuwa na mistari sita, wa mwisho ukikiri kwamba alimwambia Josie mjomba amechoka kumfundisha. Haikujibiwa.

Jibu lililokuja lilikuja Oktoba, na halikuwa lake. Bahasha ilikuwa na jina la Josie juu yake, kwa herufi kubwa zilizotenganishwa, kama mtu anavyoandika akijua msomaji ana miaka mitano. Leanne aliishika kwenye mwanga wa dirisha. Alifikiri kuitupa, na alifikiri kuifungua kwanza, na lipi lingekuwa la maana zaidi hakujua, maana mwandiko wa kaka yake ungemchukua nusu saa. Josie alikuwa ameshaliona jina lake.

Walikaa mezani. Leanne alimwambia asome kwa sauti, mama asikie. Alijiandaa kwa lolote. Alitaka hata matusi. Matusi yangekuwa yake angalau.

Josie aliikunjua karatasi. Hakuweka kidole chini ya maneno. Hakufungua mdomo. Macho yake yalikwenda kutoka upande huu hadi upande ule, mstari baada ya mstari, midomo imetulia, na Leanne akaelewa kwamba katika miezi ile ya kunyamaza mtoto alikuwa amejifunza kusoma kimya, kama watu wazima. Hakuna aliyemfundisha. Leanne mwenyewe hadi siku hiyo hakuweza kusoma bila kutingisha midomo.

"Kwa sauti, mwanangu," alisema.

 Josie alifika mwisho, akarudi juu, akasoma yote tena. Kisha akaikunja barua mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa gauni lake, akaushikilia mfuko kwa mkono mmoja. Akamtazama mama yake usoni, kwa muda, kama anayetafuta mahali neno lilipokosewa.

"Mjomba anasema hakuchoka," alisema.